Kipande cha Pili

Bingwa wa patholojia hakuwa mtu wa salamu ndefu. Alipiga simu asubuhi, profesa hata koti hajalivua vizuri, akasema, "Barafu, umeniletea maganda. Ndizi kala nani?"

Profesa alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele za watu. Akaeleza kwamba uvimbe ulikuwa ndani sana, kwamba damu ilianza kuvuja, kwamba alilazimika kufunga mapema. Yote hayo yalikuwa kweli. Bingwa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba kwenye hadubini ameona ukingo tu: ubongo wa jirani uliokasirishwa na uvimbe, si uvimbe wenyewe. Yeye hawezi kukipa jina kitu asichokiona. Ataandika kwamba sampuli haitoshi, na mgonjwa itabidi afunguliwe kichwa mara ya pili.

"Mpe pole," alisema, akakata simu.

Profesa alikaa, koti likiwa limening'inia bega moja. Jibu la swali la ndizi alikuwa nalo. Ndizi ilikuwa ng'ambo ya korido, ndani ya friza lake, kwenye kichupa kisichozidi kidole cha mwisho. Aliyeila ni yeye.

Tuseme kwanza habari ya hilo friza, maana bila hilo mtu huyu haeleweki. Wauguzi walimwita Barafu, naye alijua. Si kwa ubaridi wa moyo. Moyo alikuwa nao, na ndio uliomtesa katika habari hii. Walimwita hivyo kwa sababu kila alipoingia kupasua ubongo, ndoo ya chuma inayofuka mvuke wa baridi iliingia naye, na kwa sababu aliwahi kuondoka katikati ya harusi ya mpwa wake, suti mwilini na ua kifuani, eti kengele ya friza imelia. Mle ndani, katika baridi ambayo mkono mtupu usingeivumilia, alikuwa amehifadhi vipande vya uvimbe wa ubongo wa mamia ya wagonjwa. Vingi havikuzidi ukubwa wa harage. Kwake vilikuwa mali kuliko nyumba anayoishi.

Alichokitafuta humo kinaitwa epijenetiki, neno ambalo hata madaktari wenzake walilitamka kwa tahadhari. Wagonjwa aliwaeleza kwa mikebe. Kila seli ya mwili wako, aliwaambia, ni jiko lenye mikebe ile ile: chumvi, sukari, majani ya chai, pilipili, hakikosekani kitu. Lakini jiko la jicho halipiki kama jiko la ini, kwa sababu baadhi ya mikebe imebandikwa karatasi ndogo: huu usifunguliwe. Uvimbe wa ubongo mara nyingi husumbua hizo karatasi. Hubandika pasipostahili, hubandua panapostahili. Ukijua karatasi zimekaa wapi, unajua uvimbe ni wa ukoo gani, na dawa gani itauweza. Wagonjwa walimwelewa upesi. Wanafunzi wake, waliozoea maneno makubwa, ndio waliochelewa.

Kwa kazi hiyo alitaka nyama igandishwe ingali mbichi, na nyama ya ubongo haikatwi kwa kilo. Kamati ya maadili ilikuwa na kanuni fupi: patholojia kwanza, utafiti upate mabaki. Ni kanuni nzuri, na Barafu mwenyewe alikuwa kwenye kikao kilichoipitisha. Lakini mkono una mazoea yake. Ukichukua nyama kwa sindano, kipande cha kwanza hutoka ukingoni, cha pili hutoka katikati, na cha pili ndicho chenye mambo. Pole pole, pasipo siku moja aliyokaa akaamua, akawa anapeleka cha kwanza patholojia na cha pili kwenye ndoo, halafu cha tatu na cha nne patholojia tena, na wote wakashiba. Muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji alishaacha kuuliza. Cha pili kikitoka tu, kichupa alikuwa amekinyoosha. Na kwa kuwa cha tatu kilikuwepo siku zote, hakuna aliyesema neno.

Kwa fundi miwani, cha tatu hakikuwepo.

Fundi miwani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye duka dogo la kukata vioo vya miwani, na mtoto wa kike aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kuruka kwa miguu yote miwili. Baba wa mtoto alishaondoka zamani na hakuna aliyemtaja. Kilichomleta hospitali ni kifafa kilichomwangusha dukani, kioo cha mteja mkononi. Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe upande wa kulia, mbele, ndani sana, wenye sura mbaya. Profesa ameziona picha nyingi, na hiyo hakuipenda. Aliwaambia fundi na mdogo wake wajiandae kwa lolote, kwa ile sauti ya chini ambayo madaktari hudhani ni huruma.

Siku ya kutia saini ya ridhaa, fundi alimtazama profesa kwa muda, si machoni bali juu ya pua. Akamwomba miwani yake. Akaikaza skrubu ya mkono mmoja kwa ukucha wa kidole gumba, akavifuta vioo kwa upindo wa blauzi, akamrudishia. "Dokta wa kunifungua kichwa lazima aone vizuri," alisema. Kisha akatia saini, pamoja na ile sehemu ya utafiti. Mabaki achukue tu, alisema, yeye angeyapeleka wapi.

Upasuaji ulianza vizuri. Kipande cha kwanza kilitoka cheupe-cheupe, kikaenda kwenye chupa ya patholojia. Cha pili kilitoka kizuri, cha kijivu, kimeshikana, na kichupa kilikuwa tayari mkononi mwa muuguzi. Profesa alikidondosha humo bila kufikiri, kama mtu anayezima taa akitoka chumbani. Mvuke ukapanda. Ndipo damu ikaja. Ilikuja polepole, ikijaza njia ya sindano, na profesa alisafisha, akangoja, akasafisha tena, daktari wa usingizi akimtazama juu ya barakoa. Damu iliposimama hakuthubutu kurudi ndani. Alifunga, na kufunga kulikuwa ndiyo busara. Mpasuaji yeyote angefunga.

Wakati ananawa mikono, ndoo ilikuwa bado pale mlangoni. Angeweza kumwambia muuguzi akitoe kichupa kile akipeleke patholojia pamoja na kile cha kwanza. Wazo lilimjia, tusimwonee. Lilikuja na likakaa naye mpaka maji yalipoisha kumtiririka viwikoni. Akajiambia cha kwanza kitatosha. Akaifuata ndoo yake kwenye korido.

Sasa maganda yamerudi.

Aliwaita fundi na mdogo wake kliniki, kwenye chumba chenye pazia la kijani na bomba ambalo halikuwahi kufungika sawasawa. Mdogo mtu alikuwa mwanamke mwembamba asiyekaa kwenye kiti hata akipewa. Alisimama nyuma ya dada yake, mkono begani kwake. Profesa alisema majibu hayakukamilika, kwamba itabidi warudie. Fundi aliuliza kama mara ya kwanza hakupata kitu.

"Tulipata kidogo," alisema profesa. "Hakikutosha."

Ulikuwa ukweli uliokatwa katikati, na nusu aliyoitoa ilikuwa ile ya maganda. Fundi aliitikia kwa kichwa chake chenye kitambaa. Kisha akasema jambo ambalo profesa angelipia chochote asilisikie.

"Pole, Dokta. Kichwa changu kinakusumbua."

Akaendelea kueleza mambo ya nyumbani, kama watu waeleweshavyo daktari wanapodhani anahitaji kujua kila kitu. Tangu walipoambiwa wajiandae, mtoto alikuwa anaishi kwa mdogo wake. Si kwamba yeye hawezi kumlea. Anaweza, bado ana nguvu. Ila anataka azoee mapema, mama akiwa bado yupo wa kusaidia kuzoesha, kuliko kuja kung'olewa siku moja kama jino. Huenda kumwona kila jioni. Mtoto akimng'ang'ania, yeye humbandua na kumrudisha mapajani kwa mama yake mdogo. Mwanzoni alilia mpaka akatapika. Siku hizi afadhali, alisema fundi, na mdogo wake akageuza uso akatazama bomba linalovuja.

Profesa aliandika kwenye faili tarehe ya upasuaji. Herufi zilimtoka kubwa kuliko kawaida yake.

Jumatatu iliyofuata, mwanafunzi wake wa uzamivu aliingia ofisini bila kubisha, ana furaha ya mtu aliyeshinda bishano. Alikuwa amepitisha kundi jipya la sampuli kwenye mashine ya kusoma zile karatasi za mikebe, na kompyuta ilikuwa imezipanga kwa nukta, kila uvimbe na ukoo wake. Yeye aliziona namba tu, wala hakuwa na njia ya kujua wenye namba. Alimwonyesha nukta moja. Hii, alisema, picha yake ilisemwa ni mbaya, na sote tungeapa kwamba itaangukia kule kwa wabaya. Tazama ilikoangukia.

Profesa alitazama. Namba ile aliibandika mwenyewe.

Nukta ilikuwa imekaa katikati ya ukoo wa wapole: uvimbe unaokua taratibu na kuitikia dawa, ambao wenye nao hupewa miaka, na mingi. Tena kulikuwa na la ziada. Katika kila seli kuna mkebe wa ukarabati, unaorekebisha uharibifu unaofanywa na dawa, na ndio huwafanya madaktari wa saratani wasilale. Kwenye uvimbe wa fundi, mkebe huo ulikuwa umebandikwa karatasi, umefungwa barabara. Dawa ikiingia, haingekuta wa kukarabati.

Mwanafunzi alisubiri sifa. Profesa alimsifu, akamwomba afunge mlango akitoka.

Furaha ilimjia kwanza, na inafaa isemwe, maana ilikuwa furaha ya kweli: yule mwanamke hafi kesho. Ilidumu kama joto la chai kwenye kikombe cha bati. Nyuma yake ikaja hesabu. Akisema anajua, ataulizwa amejuaje. Akisema amejua kwa kipande kilichoko kwenye friza, ataulizwa kipande kizuri kilifuata nini huko wakati patholojia walipewa maganda. Kamati itafunga friza. Mamia ya vipande, miaka ya kazi, wanafunzi waliomtegemea, na jina lake, ambalo si haba.

Akaanza kutafuta kanuni. Zilikuwepo, mtu akizitaka hazikosi. Matokeo ya utafiti hayapewi mgonjwa. Maabara yake haina kibali cha kutoa majibu ya matibabu. Namba haifunuliwi jina. Kanuni alizivunja kwa mkono wa kulia, akajifunika nazo kwa mkono wa kushoto, na akaona zimemfunika vizuri. Njia iliyobaki ilikuwa rahisi: atamfungua tena, kwa uangalifu kuliko mara ya kwanza, kila kitu kiende patholojia, bingwa auone uvimbe kwa macho yake na aupe jina lile lile. Mgonjwa atapata dawa yake. Nani atakuwa ameumia?

Atakayefunguliwa kichwa. Hilo alilijua. Alijua pia damu ilikotokea, na kwamba haikutoa ahadi ya kutorudi. Kila siku aliwakaripia wagonjwa waliochelewa kuja hospitali, akiwaambia mficha maradhi kifo humuumbua. Wiki hiyo alimwambia mzee mmoja maneno hayo, akakohoa kabla ya kuyamaliza, mzee akampa pole.

Siku mbili kabla ya upasuaji alipita mtaa wa duka la fundi. Hakuwa na shughuli huko. Duka lilikuwa limefungwa, na nyuma ya kioo palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: fundi anaumwa, miwani iliyo tayari ulizia duka la viatu jirani. Fremu zilipangwa kwenye kibao, zote zikitazama barabarani. Kwenye meza ya nyuma aliona mashine ya kukatia vioo imefunikwa kwa shuka la mtoto lenye picha za bata. Skrubu yake ilikuwa imelegea tena. Miwani ilimkaa upande. Alijiona mwizi aliyerudi kutazama nyumba aliyoiibia. Mwenye duka la viatu alitoka akamuuliza kama amekuja kuchukua miwani, naye akasema hapana, anapita tu.

Asubuhi ya upasuaji alinawa mikono kama kawaida. Chumba kilikuwa baridi, taa kubwa imewashwa, vifaa vimepangwa juu ya kitambaa cha kijani. Muuguzi mkuu alimsalimia, akamuuliza habari za nyumbani. Ndoo ilikuwa mlangoni, inafuka.

"Nimeshakuwekea, Profesa," alisema muuguzi. "Cha pili kama kawaida, au leo vyote kwako?"

Alikuwa anatania. Ni mwanamke anayependa utani, na hakujua lolote. Profesa alisimama na mikono iliyolowa imeinuliwa kifuani, maji yakidondoka viwikoni, na lile neno la muuguzi, "kama kawaida", likamwonyesha watu wote waliowahi kulala juu ya ile meza. Kila mmoja wao alikuwa na cha pili. Aliona aibu mpaka miguuni. Akamwambia muuguzi ampigie mtu wa usingizi asije, akatoka na nguo zake za upasuaji hadi wodini.

Fundi alikuwa amekaa kitandani, amevaa gauni la hospitali, kichwa kitupu kinang'aa. Nywele zilikuwa zimeshaanza kuota tangu mara ya kwanza, laini kama za mtoto, na mdogo wake alikuwa ametoka kuzinyoa kwa mkono wake mwenyewe, asitake dada yake anyolewe tena na ile mashine ya wodi inayokwaruza. Nywele alizikusanya kwenye karatasi ya gazeti na alikuwa anaikunja. Wembe ulikuwa kwenye beseni dogo lenye maji ya sabuni.

"Fundi," alisema profesa, "leo sikufungui."

Fundi alimtazama. Uso wake haukubadilika sana. Ni mabega yaliyoshuka. "Nimeshachelewa?"

Swali hilo hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hakujiandaa kwa hilo. Akavuta kiti akakaa.

"Hujachelewa. Mara ya kwanza nilikipata kipande kizuri. Kilitakiwa kiende kwa wanaopima, mimi nikakiweka kwenye friza la utafiti wangu. Wao wakabaki na kisichotosha. Baadaye tukakipima kule kwetu. Uvimbe wako naujua ni wa aina gani."

Mdogo mtu aliacha kukunja gazeti. "Umeujua lini?"

"Jumatatu ile, baada ya kuwaona kliniki."

"Ni mbaya?" aliuliza fundi.

"Si mbaya. Ni wa wale wapole, wanaokwenda taratibu. Na katika ile mikebe niliyokueleza, kuna mmoja wa kukarabati uharibifu wa dawa, na kwako umefungwa. Dawa itaushika. Bingwa wa patholojia lazima ahakikishe, leo hii nampelekea kilichobaki. Lakini ninachokiamini ndicho hicho. Una miaka, Fundi. Mingi."

Kitanda cha jirani kililia, mgonjwa akigeuka. Fundi aliinua kiganja akakiweka juu ya kichwa chake, akakiacha hapo, kana kwamba anapima kitu.

"Kwa hiyo ni habari njema," alisema.

"Ndiyo."

"Ukakaa nayo."

Profesa alifungua mdomo. Neno la kwanza lililokuja lilikuwa kanuni, na alipolisikia likimtoka, yeye mwenyewe lilimnuka. Akalimeza. Akasema aliogopa kwa ajili ya kazi yake, kwamba hana sababu nyingine, kwamba anaomba radhi ingawa anajua radhi haishoni kitu.

Mdogo mtu aliongea kwa sauti ya chini, na profesa aliona afadhali angepiga kelele. "Nimeona watu wanaficha msiba mpaka mtu amalize kula. Hao nawaelewa. Wewe umeficha uhai."

Alichukua beseni akaenda kulimwaga, na alivyousukuma mlango wa chooni, wodi nzima ilisikia.

Profesa alikivusha kichupa korido mbili hadi patholojia, ameshika ndoo yake mwenyewe, na hakuna aliyemtania njiani. Alikiweka juu ya meza ya bingwa akasema ndizi ndiyo hii, aliyeila ni yeye, na kilichobaki ni nusu. Bingwa hakucheka. Alivaa glavu kwanza.

"Mimi nilikuwa natania," alisema. "Wallahi nilidhani natania."

Hakumfukuza, hakumsema. Alikata vipande vyembamba akavitia rangi, na majibu yake yalipotoka yalikuwa yale yale: ukoo wa wapole. Profesa alikuwa ameshaandika kwa kamati kabla majibu hayajatoka, barua fupi isiyo na kanuni hata moja ndani yake. Kamati ilikuja na utepe wa rangi ya chungwa, ikaufunga mlango wa friza, ikamnyang'anya ufunguo, na kengele ya friza ikaelekezwa kwenye simu ya mtu mwingine. Sasa wanapitia faili za nyuma, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, kuona kama kuna wengine ambao cha tatu hakikuwepo. Barafu anadhani hakuna. Aliwahi pia kudhani cha kwanza kitatosha.

Matibabu ya fundi yalikabidhiwa daktari mwingine, na hiyo ilikuwa haki. Hata hivyo siku ya kusomewa majibu, fundi aliomba aliyemfungua ndiye amsomee. Walikutana chumba kile kile chenye pazia la kijani. Bomba lilikuwa limetengenezwa. Profesa alisoma kila kitu, aina ya uvimbe, dawa, ratiba, na aliposoma miwani yake ilimteleza puani, akaisukuma, ikateleza tena. Fundi aliiona. Mkono wake ulianza kuinuka, kisha akaurudisha mapajani akauweka juu ya mwingine.

Alisema asante, majibu ameyaelewa. Hakumwambia amemsamehe, wala profesa hakuuliza.

Ndipo mlango ukafunguliwa na mdogo mtu akaingia, amembeba mtoto kiunoni. Walikuwa wamekubaliana mtoto aletwe hapo hapo, waondoke naye pamoja, arudi nyumbani kwa mama yake. Begi lake la nguo lilikuwa begani mwa mdogo mtu, limejaa. Fundi alisimama, akatabasamu kwa uso mzima, akanyoosha mikono.

Mtoto alimtazama. Alitazama kichwa kisicho na nywele, alitazama ile mikono. Kisha akajificha uso shingoni mwa mama yake mdogo, akalishika lile gauni kwa ngumi zote mbili, na alipoona bado anaelekezwa upande ule, akaanza kulia. Alimlilia aliyembeba, akimwita "mama" tu, na lile "mdogo" la "mama mdogo" alishaliacha njiani siku nyingi.

Mdogo mtu naye alikuwa analia. Alijaribu kuvibandua vile vidole, kimoja kimoja, akinong'ona kwamba huyu ndiye mama, nenda kwa mama, huyu ndiye.

Profesa alisimama karibu na pazia. Alitamani atoke, na njia ya kutoka ilikuwa upande wao. Aliona kazi ya wiki zile, kazi ambayo mwanamke yule aliifanya kila jioni kwa mikono yake, akijibandua mwenyewe kwa mtoto wake, na akaona kwamba aliifanya vizuri. Hakuna dawa iliyoandikwa kwenye karatasi aliyoishika ambayo ingegusa hilo.

Fundi alishusha mikono. Alimtazama profesa mara moja, kwa muda wa kutosha, halafu akamgeukia mdogo wake.

"Usimlazimishe," alisema. "Mwache tu. Muda ninao."

Akavuta kiti chake nyuma kidogo, ili mtoto aweze kumtazama bila kuguswa, akakaa, akaanza kusubiri.